Meno Yasigusane

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa daftari. Mtu mzima wa miaka hamsini na minne, fundi makochi ninayejulikana mtaa mzima, nimepewa daftari la mistari na kuambiwa niandike kila siku. Sababu ni taya.

Lilianza kuuma wiki tatu zilizopita, mbele ya sikio la kushoto. Nikadhani ni sikio. Nikatia mafuta ya uvuguvugu, shati likaharibika, maumivu yakabaki. Nikadhani ni jino. Daktari wa meno akayagonga moja moja kwa kichuma chake, akasema meno mazima, akanipandisha ghorofa ya pili kwa mtaalamu wa viungo. Huyo ni dada mmoja mpole mwenye vidole vya baridi. Aliviweka mbele ya masikio yangu, akaniambia nifungue kinywa na kufunga. Kushoto kukalia tak.

Akanieleza. Hapo ndipo taya linaposhikana na kichwa. Ni kiungo kama goti, ila goti hupumzika mtu akikaa, na hiki hakipumziki kwa mtu anayekaza meno kutwa. Misuli imechoka, ndiyo inayouma, ndiyo inayopeleka maumivu sikioni na kichwani. Meno ya juu na ya chini yakutane wakati wa kula tu. Saa nyingine zote midomo ifungwe, meno yasigusane, ulimi ukae juu kana kwamba mtu anataka kusema "n" na hajasema.

Nikamwambia mimi sikazi meno. Akasema nimeyakaza sasa hivi. Nikayaachia. Kumbe.

Kazi ya daftari ni hii: nichore safu mbili, saa meno yalipogusana na nilikuwa nafanya nini. Hiyo ni upande wa mbele. Upande wa nyuma hakuutaja. Nimeligeuza juu chini, na huku nyuma ni kwangu.

Kuna kipimo pia. Kinywa kizima hupokea vidole vitatu vya mwenye kinywa, vimepangwa wima. Changu kimepokea kimoja na nusu. Mwezi mwingine nisingejali. Lakini Jumamosi ya tarehe 15 binti yangu wa pekee anaolewa, na baba ndiye anayesimama kusema. Hotuba ninayo, kurasa kumi na moja. Niliianza binti akiwa darasa la sita.

Kuhusu shemeji nitaandika kesho. Hana uhusiano na taya.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Alikuja kwangu hajui tofauti ya sponji na pamba. Nikamfundisha kuvuta kitambaa, kukunja kona, kufunga springi. Miaka minane. Kisha akafungua karakana yake mwenyewe. Mji una mitaa mingi, yeye akaona mahali pazuri ni ng'ambo ya barabara, mlango wake na dirisha langu macho kwa macho.

Sina wivu naye. Wahenga walisema hasidi hana sababu. Mimi sababu ninazo, tena nyingi, kwa hiyo si hasidi.

Ya kwanza ni bunduki. Fundi wa kweli hupanga misumari midogo mdomoni, huisukuma kwa ulimi mmoja mmoja hadi kwenye nyundo yenye sumaku. Mkono mmoja kitambaa, mwingine nyundo. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo nilivyomfundisha. Yeye amenunua bunduki ya pini inayoendeshwa kwa upepo. Tatata, kochi limekwisha. Na kwa kuwa mdomo wake ni mtupu, anaimba. Wateja wanapenda fundi anayeimba. Mimi nina misumari thelathini kinywani, nitaimba nini.

Sasa hata hiyo misumari dada wa viungo ameipiga marufuku. Leo nimeiweka kwenye bakuli. Nimejigonga kidole mara mbili.

Upande wa mbele leo nimejaza hivi: saa tatu, meno yamegusana, kazi. Saa tatu na nusu, kazi. Saa nne, kazi. Ukweli ni kwamba saa tatu shemeji alipokea kochi la ngozi nyekundu. Saa tatu na nusu mwenye kochi alicheka. Saa nne alikuwa bado anacheka.

Jioni mchuzi umekuja mweupe. Hauna tangawizi, hauna pilipili manga, hauna kitunguu saumu. Nikauliza kulikoni. Mke wangu akasema mwenyewe nilirudi jana nikitangaza kwamba nimepelekwa kwa mtaalamu wa viungo, na mtaalamu amesema tatizo lote ni kiungo. Basi yeye ameviondoa viungo vyote jikoni. Nikamweleza kiungo chenyewe ni cha mfupa. Akasema ningesema goti la mdomo angenielewa.

Nikauliza makopo ya viungo yako wapi. Amempelekea mdogo wake, yasiharibike.

Jumatano, 5 Machi

Harufu ya mchana imevuka barabara na kuingia dirishani kwangu. Bizari yangu. Iliki yangu. Nimekula uji.

Kikao cha familia jioni. Mimi, mke wangu, binti. Wamezungumza kwa upole, na mimi nikianza kuzungumziwa kwa upole najua jambo limeshaamuliwa. Binti amesema hataki nisimame mbele ya watu nikiumia. Amenipa mpaka Alhamisi ya tarehe 13. Vidole vitatu vikiingia, nitasema mimi. Visipoingia, atasema mjomba.

Mjomba ni shemeji. Nikauliza kama mjomba ameshaulizwa. Ameshaulizwa. Amekubali. Mke wangu anasema amekubali kwa unyenyekevu. Huo unyenyekevu wake ndio unaoniua. Mtu angekubali kwa majivuno ningejua pa kumshika.

Nikawaza kurasa zangu kumi na moja zimekaa mfukoni huku yeye anasema maneno ya kichwani, na watu wanalia, na mtu anasema huyu ndiye angekuwa baba. Naongeza Alhamisi asubuhi: nimelala na wazo hilo. Mke wangu ananiambia nimesaga meno usiku kucha, alidhani kuna mtu anapiga msasa mbao.

Ijumaa, 7 Machi

Kwa dada wa viungo. Amesoma upande wa mbele. Kazi, kazi, kazi, kazi, mara arobaini na moja. Akauliza kazi gani hasa. Nikasema za mezani. Meza iko wapi. Dirishani. Nje ya dirisha kuna nini. Nikasema barabara.

Akasema nikifika tu nigeuze meza, mgongo uangalie dirisha. Nile laini, vipande vidogo. Kitambaa cha moto shavuni dakika kumi na tano, asubuhi na jioni. Nikipiga miayo nizuie kidevu kwa ngumi. Nisishike tama, kwa sababu mkono shavuni unasukuma taya upande. Nikamuuliza mtu mwenye shida ashike nini. Akasema ashike kazi.

Zoezi: nisimame mbele ya kioo, ulimi juu, nifungue kinywa polepole, nihakikishe taya linashuka wima bila kwenda kombo. Mara sita, kwa siku mara sita. Nisilazimishe. Hilo alilirudia. Nisilazimishe.

Mwisho akanipa vibandiko vidogo vyekundu, duara, ishirini na vinne. Nivibandike popote macho yangu yanapopenda kwenda. Kila nikiona kimoja, nikumbuke kuachia meno.

Nimemuuliza swali moja la ujanja: je, mtu anayeimba kutwa hawezi naye kuharibikiwa na taya. Akasema kuimba ni dawa.

Jumamosi, 8 Machi

Meza nimeigeuza. Mimi ni mgonjwa mtiifu. Mgongo wangu sasa unaangalia dirisha, na mbele yangu ukutani nimetundika kioo cha mazoezi. Kioo kikubwa kidogo. Nilikiinamisha kidogo tu, kwa ajili ya mwanga.

Ndani ya kioo naona taya langu, na nyuma ya taya naona karakana yote ya shemeji, kushoto imekuwa kulia. Zamani nilikuwa naona mlango tu. Sasa naona mpaka ndani. Sayansi hii nzuri.

Nimefanya zoezi mara sitini. Mke wangu ameniambia nina bidii.

Saa tisa shemeji amekuja kunitazama. Amenisalimia kwa heshima zake zote, akaniletea supu laini ndani ya chombo. Nimeonja. Ilikuwa na iliki yangu. Nikaimaliza kwa sababu kutupa chakula ni dhambi.

Akauliza taya linaendeleaje. Nikamwonyesha mlio. Akasema lake nalo linalia tangu utotoni, na akafungua kinywa. Tak! Paka aliyelala juu ya sponji ameamka. Nilipomuuliza kama anaumia akasema hata kidogo. Dada wa viungo alishaniambia mlio bila maumivu si ugonjwa. Kwa hiyo ona. Mlio wake mkubwa kuliko wangu, kinywa chake kinameza ngumi, na haumwi. Hata kwenye kuumwa kanipita, tena bila kuumwa.

Jumatatu, 10 Machi

Vibandiko. Maelekezo yalikuwa wazi: nivibandike popote macho yanapopenda kwenda. Nimejiuliza kama mtu mkweli yanapenda kwenda wapi. Jibu lilikuwa ng'ambo.

Kulipopambazuka, kabla hajafika, nilivuka. Vibandiko kumi na sita kwenye mlango wake wa kioo. Sita juu ya kochi la maonyesho analoliweka barazani chini ya turubai. Nia yangu ilikuwa ya kitabibu. Sikatai kwamba mlango ulionekana umeshikwa na tetekuwanga, na kwamba niliona mteja mstaarabu hatagusa kochi lenye vipele.

Saa mbili wakaanza kuja. Wawili, watano, kisha foleni. Kumbe duka la nguo pale kona hubandika kiduara chekundu kwenye nguo iliyopunguzwa bei, na mtaa mzima unajua maana yake. Mtaa mzima isipokuwa mimi, kwa kuwa nguo hununuliwa na mke wangu. Shemeji akashangaa, akakuna kichwa, akacheka. Akasema basi watu wasirudi bure, leo bei imepungua kweli.

Saa nne mwalimu mstaafu, mteja wangu wa miaka kumi na mitano, amepita mbele ya dirisha langu akisukuma kiti chake cha kusomea. Kiti ambacho springi zake nilizifunga kwa mikono hii. Amenipungia mkono. Kisha amevuka.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini waliosema hivyo hawakujua kwamba kisima kilikuwa cha matibabu. Meno leo: yamegusana mara moja. Saa mbili mpaka saa kumi na mbili.

Vibandiko viwili vilivyobaki nimebandika kwenye kioo, juu ya picha ya mlango wake.

Jumanne, 11 Machi

Siku mbili zimebaki. Vidole: kimoja na nusu, palepale. Nimefikiri kama fundi. Kitambaa kikigoma kufika kona, fundi hakisubiri. Anakivuta.

Nimechonga kabari ya mti laini, nyembamba huku, nene kule. Nimeifunika sponji, nikaivalisha mahameli ya bluu iliyobaki kwenye viti vya ukumbi. Mshono haukuonekana. Naandika haya bila majivuno: hakuna mtu aliyewahi kuwa na kabari ya taya nzuri kama ile. Shemeji hawezi kushona kona ile.

Saa tano nikaiingiza. Kidole kimoja na nusu, salama. Nikaisukuma. Viwili. Nikajiona kwenye kioo, nikajipenda. Nikaisukuma tena kidogo. Hapo misuli ikakaza ghafla, ikaing'ata kabari, ikagoma. Haifunguki zaidi, haifungi, kabari haitoki. Maumivu yakapanda mpaka utosini.

Mteja akaingia wakati huohuo. Mama mmoja mwenye mito ya kiti. Akauliza itakuwa tayari lini. Nikasema aah. Akauliza Ijumaa. Nikasema aah. Akashukuru, akaiacha, akaondoka. Sijui nimeahidi nini.

Kioo kina ubaya wake: anayeonwa naye anaona. Shemeji alikuwa ameshavuka barabara, mbio, taulo mkononi. Hakuuliza. Akalichovya kwenye maji ya moto ya birika langu, akanikalisha, akaniwekea shavuni, akaanza kusema polepole, ulimi juu, shemeji, sema n, tuliza mabega, hatuna haraka. Mke wangu ndiye aliyemfundisha maneno hayo, baada ya shemeji kumuuliza jinsi ya kunisaidia. Dakika ishirini. Misuli ikaachia. Kabari ikatoka ikiwa na alama za meno yangu pande zote.

Ameitazama, akasema mshono huu ni wa kwako tu.

Kisha akaondoka, na mpaka sasa hajamwambia mtu. Nimesubiri jioni nzima mke wangu anicheke. Hajui kitu. Mtu huyu hata umbea haniachii nimlaumu.

Vidole: kimoja.

Alhamisi, 13 Machi

Siku ya kipimo. Nilikuwa na hila moja ya mwisho. Dada wa viungo alisema vidole vitatu vya mwenye kinywa, lakini binti hakuwepo siku hiyo. Nami vidole vyangu ni vya fundi, kila kimoja kama gogo la kona ya kochi. Nikapendekeza tupime kwa vidole vyake bibi harusi mwenyewe, kwa kuwa shughuli ni yake. Nikasema ni heshima.

Alikaa mbele yangu kwenye kigoda cha karakana. Akaunganisha vidole vyake vitatu vyembamba. Viwili vimeingia. Cha tatu kikagonga meno. Nikafungua zaidi, machozi yakanitoka. Akavitoa.

Hakuvifuta mara moja. Akaniuliza kama nakumbuka alivyokuwa mdogo. Alikuwa akija hapahapa akanikuta misumari imejaa mdomoni, akidhani nimekosea chakula, akapanda magotini na kuitoa mmoja mmoja, akaniwekea mkononi, akaniambia, "Baba, tema." Nilikuwa nimesahau. Si kweli, sikusahau. Iko ukurasa wa tatu wa hotuba.

Kisha akasema mjomba atasema. Lakini aliomba nami niseme neno, moja tu, hata la nusu dakika, kwa sababu asingependa siku ile ipite bila sauti yangu.

Hapa ndipo ninapojilaumu, ingawa si sana. Nilimwambia baba wa mtu hasemi neno moja kama mtu anayeagiza chai. Ama kurasa kumi na moja, ama kimya. Akainuka, akakirudisha kigoda mahali pake, akaondoka akiwa ameinamisha kichwa.

Nimeshika tama mpaka karakana ikawa giza. Najua imekatazwa. Taya linauma, na chini ya taya, sehemu ambayo dada wa viungo hakuipima, kunauma zaidi.

Jumapili, 16 Machi

Harusi ilikuwa jana. Niandike kabla watu hawajaanza kuisimulia vibaya.

Ukumbi ulijaa. Nilivaa suti ya kijivu, kurasa zote kumi na moja mfuko wa ndani, upande wa moyo. Nilizichukua kwa mazoea tu. Shemeji alivaa suti ya bluu inayomkaa vizuri kupita kiasi. Binti alikuwa mbele, na kila mara akinitazama nilijifanya naangalia mapazia.

Ukafika wakati wa baba. Mshereheshaji akamwita mjomba. Shemeji akasimama, akapokea kipaza sauti, akakohoa. Nikajikaza. Nilijua anachokwenda kufanya. Atakuwa mzuri.

Akasema amepewa kazi ya mtu mwingine. Akasema fundi anaweza kumshikia mwenzake kitambaa, anaweza hata kumpigia pini ya mwisho, lakini kochi likikamilika hawezi kulikalia kama lake. Akasema kila anachokijua alikijua kwa shemeji yake, pamoja na kujua lini mtu anyamaze. Kisha akashuka, akaja mpaka mezani kwangu, akaniwekea kipaza sauti mkononi. Akaninong'oneza, ulimi juu, shemeji.

Nikasimama. Nikaingiza mkono mfukoni, nikazishika karatasi. Nikajaribu kufungua kinywa. Kidole kimoja na nusu, basi. Kwenye mwanya kama huo kurasa kumi na moja hazipiti. Nikaziacha zilipo. Nikasema:

"Mwanangu. Miaka yote nilikuwa na misumari mdomoni, na wewe ndiye uliyekuwa ukiitoa. Leo umekuta sina. Nenda, mama. Ukichoka kukaa kwenye kochi lolote, langu lipo."

Nikakaa. Sikuwa na la zaidi, na hata ningekuwa nalo lisingetoka. Binti alinyanyua gauni lake kwa mikono miwili, akaja mbio katikati ya meza, akanishika uso upande wa kulia, ule usiouma. Alikumbuka upande. Mke wangu alilia, wakwe walilia, mshereheshaji alijifanya anarekebisha waya.

Na jambo la ajabu: saa nzima baada ya hapo nilipojichunguza, meno yalikuwa hayagusani. Nilikula ndizi laini na wali, taya kimya. Nilijisikia mwepesi. Nilimtazama shemeji na nikaona mtu tu, mtu mwema aliyevaa suti. Nikakumbuka lile taulo. Nikasema moyoni kesho nitavuka barabara nimshukuru.

Kisha watu wakaanza kupita mezani. Shangazi akasema nimesema machache ya maana. Jirani naye hivyohivyo. Mwalimu mstaafu akanishika mkono, akasema ameguswa sana na yale maneno ya kochi. Nikamwambia asante, langu lipo kweli. Akasema hapana, yale ya mjomba, ya kumshikia mwenzake kitambaa. Hayo ataishi nayo.

Mama mkwe naye amesema mwanawe ana hekima. Nimehesabu kwa makini mpaka ukumbi unafungwa. Waliosifu yangu kumi na tisa. Waliosifu yake ishirini na wawili, na yeye hata hotuba hakutoa.

Leo sijavuka. Barabara ilikuwa na magari.

Jumanne, 18 Machi

Kwa dada wa viungo, mara ya mwisho. Vidole viwili na nusu. Amefurahi. Akasema yaliyobaki ni mazoea: chakula laini wiki chache zaidi, kitambaa cha moto, meno yasigusane. Kisha akaomba daftari, na kabla sijamwelekeza akalifungua kwa upande wa nyuma.

Alisoma muda mrefu. Midomo aliifunga kabisa, mabega yakawa yanatikisika. Nadhani alikuwa anafanya zoezi lake mwenyewe. Mwisho akalifunga, akafuta macho, akasema dawa ya taya amenipa, lakini kilichobaki ng'ambo ya barabara hakiko ghorofa hii. Alinisihi nikishushe kioo, nivuke, nimwambie shemeji ile asante niliyoikusudia.

Nikakubali kwa moyo mmoja. Nilifika karakana saa nane, nikashusha kioo, nikakigeuza uso ukutani. Kweli kabisa. Saa nane na robo nikavuka.

Nilimkuta shemeji amekaa, bunduki yake ya pini sakafuni, hakuna wimbo. Taulo la moto shavuni. Nikauliza kuna nini. Alinijibu kwa tabu, midomo haifunguki. Taya. Limeanza wiki iliyopita, leo limekaza kabisa. Kidole kimoja kinaingia kwa shida. Dada wa viungo alimwona jana, akamwuliza ana wasiwasi gani. Yeye akamwambia kila akiinua macho anamwona shemeji yake ndani ya kioo akimtazama kwa huzuni, na hajui amemkosea nini, na hathubutu kuuliza. Kwa hiyo anakaza meno. Alinisihi nimwambie kama kuna kosa, aombe radhi.

Maneno ya shukrani nilikuwa nayo mdomoni, tayari. Vidole viwili na nusu, yangepita bila taabu. Lakini hapohapo mlango ukafunguka, akaingia mke wangu na sufuria ya supu. Supu ya tangawizi, bizari, iliki na kila kitu, makopo yote yamerudi kazini. Haikuletwa kwangu. Nyuma yake binti na mumewe, wamekatiza mapumziko yao ya harusi kuja kumpa mjomba pole. Nyuma yao mwalimu mstaafu na maua. Mama mkwe ameketi pembeni anampepea. Mwenye kochi la ngozi nyekundu ametuma salamu.

Mimi nililetewa maua na nani? Kabari nilichonga mwenyewe. Ugonjwa niuanzishe mimi, niuugue wiki tano kwa uji mweupe, halafu pole apewe yeye! Na kidole kimoja tu, siku ya kwanza. Mimi kushuka mpaka kimoja ilinibidi nitumie kabari.

Nimemwambia ugua pole, nikarudi. Kioo nimekitundika tena, kwa sababu dada wa viungo hakusema kisitundikwe, alisema kishushwe, na nilikishusha. Kutoka hapa namhesabia wageni. Tisa mpaka sasa.

Nimeligeuza daftari, nimejaza upande wa mbele. Saa kumi na nusu. Meno yamegusana. Nilikuwa nafanya nini: kazi.